Shajara ya mradi: mti wa ukoo wa Nancy Wexler kwenye ukuta wa skuli, Pemba

11 Januari 2025. Tunaanza

Nafungua shajara hii ili skuli nyengine ikitaka kufanya kama sie iwe na pa kuanzia. Tunataka kuwasomesha kidato cha tatu na cha nne mada ya urithi kwa kufuata kazi ya mwanasayansi mmoja, Nancy Wexler, toka mwanzo mpaka leo, na kila hatua iwe na kitu cha kushika mkononi. Tuko walimu wawili wa bailojia na mwenzetu wa jiografia, skuli ya serikali kaskazini ya Pemba, maabara tunayo ila vya kufanyia kazi ya DNA, ile kemikali inayobeba urithi, hamna na hatujavisubiri.

Kwa nini yeye na si mwengine. Watoto wetu ukiwaambia mtaalamu wa jeni wanaona koti jeupe na mashine za mamilioni basi wanajitoa mapema, hiyo si ya kwetu. Huyu mama kazaliwa 1945 Washington, kasomea saikolojia, udaktari wake wa falsafa kaupata Chuo Kikuu cha Michigan 1974, na kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima ilianza kwa daftari: nani kazaliwa na nani, nani kaumwa, nani kafa na alikuwa na umri gani. Akawa anakwenda vijijini Venezuela kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20 kuuliza hayo hayo. Jeni ya ugonjwa wa Huntington, yani kipande cha urithi kinachouleta, imepatikana kwa msaada mkubwa wa maswali yale. Mie naamini mtoto wa Pemba anayejua kukaa na bibi yake akamtajia ukoo mpaka kizazi cha sita keshakuwa na nusu ya ujuzi huo, na nataka alione hilo kwa macho yake.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi: unakuja mara nyingi kati ya miaka 30 na 50, viungo vinacheza bila mtu kutaka, hasira na huzuni vinazidi, kumbukumbu na akili ya kupanga mambo zinapungua, na mgonjwa huishi kama miaka 15 hadi 20 toka dalili zianze. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

25 Januari. Ukoo gani uchorwe

Mti wa Venezuela una watu zaidi ya 18,000 wa vizazi 10, huo hauingii ukuta wowote wa skuli. Wazo la kwanza lilikuwa kila mwanafunzi achore ukoo wake mwenyewe, tukaliacha siku ile ile, mana ugonjwa wa mtu ni siri ya nyumba na mtoto wa miaka 16 hana ruhusa ya kuubandika ukutani. Anaetaka kuiga aanzie hapo tafadhali, msichore koo za wanafunzi.

Tukachukua ukoo wa Wexler mwenyewe kwa sababu wao wameueleza hadharani miaka mingi. Mama yake, Leonore, alisomea elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Columbia na alishughulika na jenetiki ya nzi wa matunda, yani alikuwa mtu wa fani hii hii. Baba yake Leonore kafa na Huntington. Leonore aliamini kuwa ni ugonjwa wa wanaume tu. Kisha kaka zake watatu wote wakaumwa. Mwaka 1968 asubuhi anavuka barabara Los Angeles, askari akamkemea kwa kutembea kalewa, na hajagusa ulevi. Ndo akenda kwa daktari, ndo Milton, aliyekuwa mume wake, akawakalisha mabinti wawili, Alice na Nancy, akawaambia. Nancy yuko kwenye miaka ishirini na kidogo. Mwaka ule ule Milton akaanzisha mfuko wa utafiti wa magonjwa ya kurithi, na Leonore akafariki 1978.

Kwa hiyo mti wetu ni mdogo: babu, watoto wake wanne, na wajukuu wawili, mabinti wa Leonore. Mraba mwanamme, duara mwanamke, aliyejazwa rangi ni mgonjwa, aliyekatwa mstari kafariki. Tumenunua mita 3 za kitambaa cha marekani Chake Chake kwa 13,500 na kalamu za maka nne kwa 5,000, tumechora, tumetundika ukumbini kwenye ufito wa mwanzi. Umependeza.

8 Februari. Sarafu ya 200

Hapa ndo nilipojifunza mengi kuliko popote, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Ukimuuliza mwanafunzi "nusu kwa nusu ni nini" atakujibu haraka, watoto wanne basi wawili wataumwa wawili wazima. Karibu darasa zima lilijibu hivo, na kwenye karatasi ya mtihani jibu hilo linapita vizuri tu. Tukawapa kila kundi sarafu moja ya shilingi 200, upande wa Mzee Karume ni jeni imerithiwa, upande wa simba haikurithiwa, rusha mara nne, kila mrusho ni mtoto mmoja. Makundi mengine yakapata wawili wawili, moja likapata simba watupu, jengine Karume watatu. Kelele tupu, wengine wanasema sarafu mbovu tubadilishie.

Tukawaacha wapige kelele halafu tukawarudisha kwenye kitambaa. Hebu mtazameni Leonore na kaka zake. Wanne kwa wanne. Kukawa kimya, halafu msichana mmoja wa nyuma akasema "kumbe inawezekana wote". Tukahesabu ubaoni, nusu mara nusu mara nusu mara nusu, moja ya kumi na sita, ni nadra ila nyumba ile imetokea.

Kosa la pili likajitokeza lenyewe bila sie kulitafuta. Kijana akasema kama dada yangu kapata basi mie nimepona, zamu imeshachukuliwa. Hili lina madhara nje ya darasa, mtu anaweza kuishi maisha yake yote kwa hesabu hiyo. Dawa yake tuliyoipata ni hii: wanafunzi wawili wasimame, mmoja Alice mmoja Nancy, kila mmoja na sarafu yake, wageuziane migongo warushe wakati mmoja. Sarafu ya Alice haijui ya Nancy imeangukaje. Tulipofanya hivo lile wazo la zamu likafa kabisa, maelezo ya ubaoni yalikuwa hayajaliua.

22 Februari. Shanga

Sasa jeni yenyewe. Mwaka 1983 kundi la James Gusella kule Boston, kwa damu iliyotoka kwa familia ya Iowa na zile za Venezuela, likapata alama, yani kipande cha DNA kinachotambulika, karibu na jeni hiyo kwenye kromosomu ya 4, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Wengi walitegemea kazi hiyo itachukua miaka mingi sana, ikapatikana mapema ajabu, kisha kutoka kwenye alama mpaka kuishika jeni yenyewe ikawa miaka 10, Machi 1993, ripoti imetiwa saini na jina la kundi zima, wanasayansi 58 wa makundi sita ya utafiti. Ubaya uko kwenye herufi tatu za DNA, CAG, zinazojirudia. Marudio mpaka 26 ni ya kawaida. 27 mpaka 35 mwenyewe haumwi lakini yanaweza kuongezeka kwa mtoto. 36 mpaka 39 anaweza kuumwa au asiumwe. 40 kwenda juu atauugua akijaaliwa umri wa kawaida, na marudio yakizidi 60 mara nyingi ugonjwa unaanza utotoni au ujanani.

Jaribio la kwanza: rangi tatu za shanga za kushonea nguo, nyekundu C, nyeupe A, buluu G, tutunge kamba ya marudio 18 na ya 42. Halikufaa. Marudio 42 ni shanga 126, kutunga kunakula kipindi kizima, watoto wanapotea kwenye kuhesabu, na shanga za pakiti tatu hazikuwa na ukubwa mmoja kwa hiyo kamba ya mzima na ya mgonjwa ukizishika zimekaribiana urefu, somo lote limekufa hapo. Na uzi wa cherehani ulikatika shanga zikatapakaa chini. 12,000 hiyo.

Jaribio la pili: shanga moja kubwa ni CAG nzima, rangi moja, 9,000. Badala ya uzi tukatumia mshipi wa kuvulia, 2,000, mwanafunzi mmoja ambae baba yake mvuvi ndo katushauri na katufundisha kufunga fundo lisilofunguka. Kamba tatu: 18, 42, 65. Ukizining'iniza pamoja kwenye msumari mmoja hata mtu hajui kusoma anaona. Shanga ya 26, 35 na 39 tumeitia alama kwa rangi ya kucha ili mipaka ionekane bila kuhesabu.

Kuanzia hapa Ramadhani inaingia, tunasimama mpaka baada ya Idi.

6 Aprili. Kitambaa kimeharibika

Tumerudi tumekuta masika yamepiga mapema upande wa ukumbi, mvua inapita kwenye matofali ya matundu, kitambaa kimelowana. Wino wa maka umesambaa, miraba imekuwa mawingu, babu na wajomba hawatambulikani, na koga limeshaingia. Tumejaribu kufua kwa sabuni na kuanika juani, koga limepungua madoa yamebaki. Kimekuwa dasta.

Wa pili umejengwa tofauti kabisa na huu ndo wa kuiga. Tumemuendea fundi cherehani anaeshona sare, vipande vya buluu na vyeupe anavyo gunia zima anavitupa, katupa bure. Mita 4 za marekani 18,000, safari hii tukakifua kwanza mara mbili kitoe wanga na kijikunje kabla ya kushonwa. Kila mraba na kila duara ni kipande kilichoshonwa, mistari ya ukoo ni utepe, hamna wino hata tone. Kazi ya fundi 30,000, uzi na utepe 4,000. Kikilowana tunakianua, kinakauka, kinarudi.

Duara la Nancy tulibishana nalo. Mwenzangu alitaka lishonwe jeusi moja kwa moja kwa sababu leo tunajua. Mie nilikataa, mana miaka 50 mwenyewe aliishi bila kujua na kazi yote kaifanya humo ndani ya kutojua, ukilishona jeusi toka mwanzo umemuonyesha mwanafunzi mtu ambae hajawahi kuwepo. Fundi ndo akatatua: kipande chenye pande mbili, nyeupe mbele nyeusi nyuma, kimeshikwa kwa kifungo kimoja katikati. Kinageuzwa wakati wake ukifika.

3 Mei. Wazee

Habari zilishatembea. Mzee mmoja kanisimamisha baada ya sala ya Alasiri, "Maalim, nasikia mnaandika koo za watu mule skuli, mnatafuta wenye wazimu?" Nikaona bora tusijibu mmoja mmoja njiani. Tukenda kwa sheha, tukamueleza, akaita wazee na wazazi wakaja skuli, tukanunua vitumbua na chai, 15,000, tukawatundikia kitambaa wakakiona wenyewe kuwa ni ukoo wa watu wa Marekani wenye majina yao. Anaeiga afanye hili wiki ya kwanza kabla ya kutundika chochote, lingetupunguzia maneno mengi.

Mwenzetu wa jiografia akawachorea Ziwa Maracaibo. Vijiji vya wavuvi, vyengine nyumba zimesimama juu ya nguzo majini, watu masikini, wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Daktari wa hapo hapo Venezuela, Américo Negrette, alianza kuwaona wagonjwa hawa miaka ya 1950, watu wakidhani walevi, yeye akatambua ni Huntington akaandika. Nje habari ikafika 1972 kwenye mkutano wa Ohio wa kuadhimisha miaka 100 toka George Huntington aandike kuhusu ugonjwa huu, hapo mwanafunzi wa Negrette akaonyesha filamu. Wexler akaanza kazi huko 1979. Mwanzo alikuwa anatafuta mtu aliyerithi jeni kwa baba na kwa mama pia, akawapata, na 1987 wakaandika kuwa hao hawakuwa na hali tofauti na waliorithi upande mmoja. Watu walipoogopa kutoa damu na kipande cha ngozi akawaonyesha kovu la mkono wake, na yeye katolewa, na yeye mama yake alikuwa nao.

Hilo la kovu liliwagusa sana kina mama. Bi mkubwa mmoja akasema "basi huyo ni mwenzao", na mazungumzo yakabadilika sura, wakaanza wenyewe kueleza mtu anavyoulizwa ukoo kwa adabu: usianze na aliyekufa, anza na walio hai, na jina la mwenye maradhi usilitaje wewe, msubiri mwenyewe alitaje. Tumeyaandika hayo kwenye karatasi ya somo, ni mafunzo ya utafiti hasa.

Halafu yule mzee wa mwanzo akauliza: "Na hao wavuvi walipata nini?" Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa toka Januari. Tulimjibu tunachokijua. Kwa damu yao dunia ina kipimo. 1999 ilifunguliwa nyumba ya kuwatunza wagonjwa Maracaibo, mfuko wa kina Wexler ukiwa mmoja wa walioisaidia. Dawa ya kuponya hawajapata, wala mwengine yoyote hajapata, na vijiji vile vimebaki masikini. Mzee hakuridhika na mie sikutaka aridhike. Tumeongeza swali lake kwenye somo, wanafunzi walijibu kwa maandishi, na majibu yao ni marefu.

24 Mei. Kujua au kutojua

Kipindi cha mwisho, kidato cha nne. Toka 1986 kulikuwa na njia ya kupima kwa kutumia ile alama, baada ya 1993 kipimo kikawa cha moja kwa moja, damu kidogo tu, jibu ni idadi ya marudio. Wexler aliyehangaika kukipata kipimo mwenyewe hakutaka kupimwa. Darasa likagawika. Wengine wanasema lazima ajue apange maisha yake, mbona wao dada wawili waliamua kutozaa. Wengine wanasema ukijua na dawa hamna umejifunga mwenyewe kifungo cha miaka 20. Mvulana mmoja akasema hukumu ya umri iko kwa Mungu, mwenzake akamjibu na kupima pia ni katika kutumia akili aliyotupa. Tukawaeleza utaratibu wa wataalamu: hakuna kulazimishwa, ushauri nasaha kabla na baada, na aliye chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi. Wengi wao wako chini ya 18, likawakaa.

Kilichoshindikana hapa ni muda. Mjadala tuliupa dakika 40, kengele imelia ndo kwanza umekolea. Tukaupeleka Jumamosi, watoto wakaja bila kulazimishwa. Upangieni vipindi viwili vinavyofuatana.

Jumamosi ndo tukafika 2020. Machi mwaka ule, na miaka 74, Wexler akajitokeza kwenye gazeti akasema ana ugonjwa huo. Dalili zilishaonekana miaka kadhaa kwa waliomjua. Msichana aliyekuwa Nancy kwenye sarafu akaenda kitambaani akakifungua kifungo akageuza duara. Wexler alitangaza akiwa na zaidi ya miaka 70, wakati Leonore alionekana na dalili akiwa na miaka hamsini na kitu, kwa hiyo swali likaja lenyewe, mbona yeye umechelewa? Hapo ndo kamba za shanga zikarudi mezani. Marudio yanaeleza sehemu tu ya tofauti ya umri, ripoti ya 2004 ya mti ule wa Venezuela ilionyesha kuwa jeni nyengine na mazingira pia vina mkono, na watafiti wanazitafuta jeni hizo zinazochelewesha kwa sababu huko ndiko dawa inaweza kutokea. Wanafunzi wawili waliniuliza mtu anasomea wapi kazi hiyo.

14 Juni. Gharama na vinavyofuata

Kitambaa cha kwanza na maka 18,500. Kitambaa cha pili, fundi, uzi na utepe 52,000. Shanga zote na mshipi 23,000. Kuprinti na kulamineti karatasi za somo steshenari 18,000. Chai ya wazee 15,000. Bando la kusomea na kudaulodi picha 10,000. Jumla 136,500, tumechanga walimu na wazazi watatu. Anaeanzia pale tulipofika, yani aanze na kitambaa cha kushona na shanga kubwa, atoe zile 18,500 na 12,000 za shanga ndogo, itamgharimu 106,000. Sarafu azirudishe mfukoni.

Skuli moja ya Wete imeomba kuazima, kitambaa kinakwenda kwao wiki ijayo na kamba za shanga ndani ya mfuko wa plastiki. Tumewapa sharti moja, wakae na sheha na wazee kwanza. Muhula ujao tunataka kuongeza seli mundu, huo uko kwetu na watoto wanaujua, na hesabu yake ni tofauti mana anaeumwa ni aliyerithi kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo sarafu zitakuwa mbili kwa kila mtoto. Fundi keshaambiwa aweke vipande vya buluu.